Nimefuata video ya kuongeza spidi kwenye Windows, sasa faiba ya 20 Mbps inashusha kwa 380 KB/s. Nisaidieni wakuu

Mwl_Kihonda (#1)

Wakuu habari za jioni.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo ili mwenye ujuzi anipe jibu la uhakika. Niko Morogoro. Nyumbani nina faiba, kifurushi cha 20 Mbps, nimekitumia miezi mitano sasa. Mwanzoni sikuwa na shida yoyote. Mwezi uliopita nikakutana na video, jamaa anafundisha namna ya kufungua spidi ambayo eti Windows imeificha. Nikafuata kila hatua kwenye laptopu yangu ya Windows 10 Pro. Nikaingia gpedit (kihariri cha sera za Windows), kwenye Limit reservable bandwidth nikaweka 0. DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) nikabadili kuwa 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Nikafungua Command Prompt nikaandika amri kama nne za netsh (chombo cha Windows cha kupanga mtandao), hizo nilinakili tu, maana yake sikuijua. Mwisho nikaongeza vitu viwili kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows).

Nikazima mashine, nikaiwasha, nikapima spidi. Ikaja 19.6 Mbps, nikaridhika kabisa.

Juzi nashusha Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta), faili la karibu GB 6, seva iko Ujerumani. Inakwenda 380 KB/s. Haipandi, haishuki. Nikasema labda ni saa za watu wengi, nikaamka saa tisa usiku: 380. Asubuhi: 380. Nikipima spidi inaonyesha 19 na pointi. Watoa huduma nimewapigia, wamepima wakiwa kwao, wanasema mstari ni mzima na shida iko kwa wenye seva. Lakini simu ya mke wangu, Wi-Fi hiyohiyo, chumba hichohicho, inashusha faili lilelile kwa zaidi ya MB 2 kwa sekunde.

Kwa hiyo shida iko kwenye laptopu. Ni nini hasa, na nairudishaje ilivyokuwa?

Dogo_Bukoba (#2)

Mkuu isije ikawa umechanganya biti na baiti. 20 Mbps ukigawa kwa 8 unapata 2.5 MB/s. Watu wengi huwa wanadhani wameibiwa kumbe ni hesabu tu.

Mwl_Kihonda (#3)

Hiyo naijua mkuu, asante. Natakiwa kupata karibu MB 2.4 kwa sekunde, napata 0.38. Hata kwa hesabu hiyo niko chini ya moja ya tano.

KasiKamili (#4)

Mwalimu, ile ya gpedit hakikisha imekaa sawa. Windows inajiwekea asilimia 20 ya intaneti yako kwa ajili ya apdeti zake. Ukiweka 0 unairudisha yote. Mimi kila mashine ninayoipiga Windows naanza na hiyo, na wateja wanaona tofauti.

Fundi_Waya (#5)

KasiKamili, ndugu yangu, hilo la asilimia 20 lina miaka zaidi ya ishirini linatembea na halijawahi kuwa kweli. Lilianza na Windows XP, na Microsoft wenyewe walilieleza tangu enzi hizo. Mpangilio ule unaweka kikomo cha kiasi ambacho programu *inaweza kuomba* itengewe, tena programu iliyoandikwa makusudi kutumia utaratibu huo wa kutengewa. Programu hiyo isipokuwepo, au ikiwepo lakini haitumi kitu, njia yote ni ya wengine. Hakuna asilimia 20 iliyofungiwa kabatini. Wateja wako wanaona tofauti kwa sababu mashine imetoka kupigwa Windows mpya, haina takataka.

Mwalimu, hilo la gpedit halikukudhuru wala halikukusaidia. Mimi naangalia kitu kingine. Umesema 380 KB/s, *haipandi haishuki*, usiku na mchana. Njia ikizidiwa na watu, spidi huyumba: saa mbili usiku inalala, saa tisa inafufuka. Namba ikiganda sehemu moja hivyo, ujue kuna hesabu inaishikilia. Nipe vitu viwili:

1. Fungua Command Prompt, andika

netsh interface tcp show global

kisha weka hapa kinachotokea.

2. Andika ping ikifuatiwa na anwani ya seva ile ya Ujerumani, utuambie kwenda na kurudi ni milisekunde ngapi.

Mwl_Kihonda (#6)

Ping inacheza kati ya 168 na 172. Ile nyingine ina mistari mingi, nimenakili huu mmoja kwa sababu ndio pekee unaofanana na kitu nilichoandika siku ile:

Receive Window Auto-Tuning Level : disabled

Fundi_Waya (#7)

Huyo hapo.

Naomba nieleze taratibu, maana amri hii imesambaa sana kwenye video na watu wanaumia bila kujua.

Unaposhusha faili, seva haikumwagii data yote kwa mkupuo. Inatuma kiasi, inasubiri mashine yako ijibu "nimepokea", ndipo inatuma zaidi. Kiasi kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya risiti kurudi kinaitwa dirisha la kupokelea, na anayelitangaza ukubwa wake ni mashine yako. Kwenye kichwa cha pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya TCP, utaratibu unaosafirisha data hiyo, nafasi ya kuandika ukubwa huo ni biti 16, kwa hiyo namba kubwa inayoingia humo ni 65,535. Baiti 65,535, yaani kama KB 64. Mwaka 1992 ikaongezwa njia ya kuizidisha namba hiyo ili dirisha liweze kuwa kubwa zaidi. Kuanzia Vista, Windows inalipanua na kulipunguza yenyewe kulingana na umbali na kasi. Kazi hiyo ndiyo inaitwa auto-tuning. Wewe umeizima, umerudi kwenye KB 64.

Chukulia kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Tuseme kipo kimoja tu, kinabeba magari 60. Kinavuka, kinashusha, kinarudi, ndipo kinapakia tena. Ng'ambo unaiona kwa macho, kwa hiyo magari yanayovuka kwa siku ni mengi. Sasa kivuko hichohicho na magari yaleyale 60, kipeleke Unguja. Bahari ni pana, haina msongamano, injini ni nzima, ila magari yanayofika kwa siku ni machache kwa sababu muda wote kivuko kiko njiani. Upana wa bahari ndizo Mbps unazolipia. Magari 60 ndilo dirisha. Umbali ndizo hizo milisekunde 170.

Hesabu yake: baiti 65,535 gawanya kwa sekunde 0.17. Unapata baiti 385,500 kwa sekunde. Ni ile 380 yako. Ukinunua kifurushi cha 100 Mbps utabaki na 380 hiyohiyo.

Dawa: bonyeza kulia kwenye Command Prompt, chagua Run as administrator, andika

netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal

Shusha tena faili utuletee majibu. Ukivuka MB 2 nitakuwa nimekuelewa sawasawa, usipovuka tutaendelea kutafuta.

KasiKamili (#8)

Fundi nakubali darasa, ila kuna kitu hakijaniingia. Kama dirisha limebana, mbona kwenye kupima spidi anapata 19? Na mimi nimewahi kuzima hiyo kitu kwenye mashine za wateja, tukipima inakuja vizuri tu.

Fundi_Waya (#9)

Swali zuri sana, na ndilo linalofanya watu wadanganyike.

Tovuti ya kupimia inakuchagulia seva ya karibu. Kwa mwalimu itakuwa Dar, milisekunde labda 8. Rudia hesabu: 65,535 gawanya kwa 0.008, unapata zaidi ya MB 8 kwa sekunde, kama 65 Mbps. Dirisha lilelile dogo, lakini safari ni fupi, kwa hiyo halimbani mtu mwenye kifurushi cha 20. Halafu vipimo vingi vinafungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Ni kama kuwa na vivuko sita.

Ndiyo maana pia mtu akiweka Internet Download Manager anaona maajabu. Ile inakata faili vipande vinane na kila kipande kinashuka kwa muunganisho wake. 385 mara nane ni zaidi ya MB 3, kifurushi cha mwalimu kinajaa. Programu ile ni nzuri, sina ugomvi nayo, na seva nyingine huweka kikomo kwa kila muunganisho kwa hiyo hapo inasaidia kweli. Lakini kwa hali ya mwalimu ingeficha ugonjwa tu, na kila kitu kingine kwenye mashine kingeendelea kutambaa.

Ukitaka kujua kama mashine ya mteja ni nzima, pima na seva ya mbali, kwa faili moja, muunganisho mmoja. Kipimo cha Dar kinakuonyesha umefika Dar salama, basi.

Mwl_Kihonda (#10)

Wakuu!

Nimeandika ile amri, nimeanza faili upya. Imeanzia 300, ikapanda 900, ikafika MB 2.3 kwa sekunde na imetulia hapo. Dakika 43 faili zima limeshuka. Kwa ile 380 lingechukua zaidi ya saa nne, nilikuwa nimeshapiga hesabu.

Fundi, Mungu akubariki. Na kuhusu vile vitu vya kwenye rejista, kimoja ni TcpWindowSize na kingine ni TcpAckFrequency. Nivitoe?

Fundi_Waya (#11)

Vitoe vyote viwili. TcpWindowSize Windows za kuanzia Vista hazikisomi kabisa, kipo kama pambo. TcpAckFrequency ni cha wacheza gemu, kinafanya mashine ijibu kila pakiti bila kusubiri. Kwa kushusha faili hakina faida. Na siku nyingine, kabla hujagusa rejista, ingia File halafu Export, uhifadhi nakala. Nusu dakika tu.

Mzee_wa_Dishi (#12)

Vijana, nimesoma uzi huu kwa furaha, naomba niongeze historia, kwa sababu vitu hivi havikutoka hewani.

Mwaka 2004 nilikuwa nasimamia intaneti kafe pale Arusha. Kompyuta 11, zote Windows XP, na dishi la satelaiti juu ya paa. Mstari wetu ulikuwa 512 kbps, kwa watu wote, na tulilipa fedha nyingi sana kwa mwezi. Satelaiti zile ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara inapanda, inashuka upande wa pili, jibu linapanda na kushuka tena. Ping ya milisekunde 600 kwetu ilikuwa siku njema.

Usiku nikishafunga milango nilikuwa nashusha apdeti za antivirasi, mashine moja tu inafanya kazi. Nikategemea KB 60 kwa sekunde, nikawa napata 29. Kila usiku 29. Nilibadilisha waya, nilipanda juu kuelekeza dishi upya, nilibishana na walioniuzia huduma. Baadaye mtu mmoja kutoka Nairobi akanieleza kitu hichohicho alichoeleza Fundi: XP kwenye kadi ya kawaida ya mtandao ilikuwa na dirisha la baiti 17,520. Gawanya kwa 0.6. Jibu ni 29,200.

Nikaingia rejista, nikaweka TcpWindowSize 65535, nikawasha upya. Usiku ule mstari ukajaa kwa mara ya kwanza tangu tufunge dishi. Nakumbuka nilikaa nikaitazama tu ile namba.

Kwa hiyo waliotuachia maujanja haya hawakuwa waongo. Kwetu Afrika Mashariki wakati ule data karibu yote ilipita angani, na XP ilikuwa na dirisha dogo. Kisha kebo za chini ya bahari zikaja: SEACOM ikafika Julai 2009, na TEAMS Mombasa mwaka huohuo, EASSy 2010. Safari ya milisekunde 600 ikawa 200 na chini ya hapo. Na Windows ikajifunza kupanua dirisha yenyewe. Ugonjwa ukaisha, ila dawa watu wakaendelea kuinywa, na njiani mtu akaigeuza: sisi tulikuwa *tunapanua* dirisha, video za siku hizi zinakufundisha kulifunga.

Mwl_Kihonda (#13)

Shikamoo mzee wangu. Nimejifunza kitu kikubwa hapa. Nilidhani watu wa video wamebuni tu.

Mzee_wa_Dishi (#14)

Marahaba mwalimu.

MamaSteshenari (#15)

Jamani na mimi naomba msaada wenu, msinipite. Nina steshenari Tabora, kompyuta 4 na printa, intaneti 10 Mbps kushusha na 2 kupandisha. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika mchana kila kitu kinakufa: fomu za wanafunzi hazifunguki, faili la KB 500 dakika tatu. Nikipima wakati huo napata 1 Mbps au chini. Nimeshafanya ya DNS, nimeshafanya ile ya gpedit, hakuna. Nimeandika amri ya Fundi, kwangu tayari inasema normal.

Fundi_Waya (#16)

Dada, wakati imekufa hivyo, andika ping -t 8.8.8.8 uiache dakika mbili. Na uniambie mchana huwa kuna nini dukani. Nani anaingia, simu ngapi ziko kwenye Wi-Fi.

MamaSteshenari (#17)

Asubuhi ping ilikuwa 60, 65. Sasa hivi ni 1,100, 1,400, nyingine Request timed out. Mchana anakuja kijana wangu anayepiga picha za pasipoti na za harusi, ana simu na kompyuta yake. Simu zilizo kwenye Wi-Fi ni kama sita.

Fundi_Waya (#18)

Picha za huyo kijana zinapanda mtandaoni zenyewe, nina hakika kwa asilimia kubwa. Aangalie programu ya kuhifadhi picha kwenye simu na kwenye kompyuta yake.

Watu wanauliza kupandisha kunahusianaje na kushusha. Kumbuka zile risiti za "nimepokea". Zinatoka kwako kwenda kwa seva, kwa hiyo zinapita njia ya kupandisha, ile ya 2 Mbps. Rauta yako ina mahali pa kuzipanga pakiti zinazosubiri kutoka. Rauta nyingi za bei ndogo zimepewa nafasi kubwa mno hapo. Nafasi ya KB 256 ikijaa picha, kwenye mstari wa 2 Mbps kila pakiti mpya inasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka. Risiti zako ziko mkiani mwa foleni hiyo, nyuma ya picha za harusi. Seva inasubiri risiti, haitumi. Njia ya kushusha iko tupu kabisa lakini hakuna anayeitumia.

Ugonjwa huu mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys aliupa jina la bufferbloat zaidi ya miaka kumi iliyopita, na walioutafutia dawa walikuja na utaratibu unaoitwa CoDel, baadaye fq_codel na CAKE. Unagawa foleni ili mwenye pakiti chache asisubiri nyuma ya mwenye nyingi, na hauachi foleni irefuke. Ukipata rauta inayokubali OpenWrt (programu huria ya rauta), unaweka SQM (sehemu yake ya kupanga foleni), unaipa namba zilizo chini kidogo ya spidi yako halisi. Kwako ningeanza na 9,000 kushusha na 1,700 kupandisha, kwa kilobiti. Unapoteza kidogo juu, unapata utulivu wa mchana kutwa. Kama rauta yako haikubali, tafuta humo sehemu ya Bandwidth Control, mwekee kijana kikomo cha kupandisha 500 kbps. Na kwa leo, mwambie asimamishe tu hiyo programu, upime.

Halafu kwenye zile kompyuta 4 ingia Settings, tafuta Delivery Optimization. Kama imeruhusu kugawia apdeti kompyuta za watu wengine wa intaneti, izime. Hiyo nayo hupandisha kimyakimya.

Karanja_Nakuru (#19)

Hamjambo wote. Mimi niko Nakuru, nina 30 Mbps, kwa Wi-Fi napata 6 tu. Nimebadilisha DNS mara ngapi sijui. Niliunganisha na kebo leo baada ya kusoma hii, ikagonga 29 papo hapo. Kumbe mtandao ulikuwa sawa wakati wote?

Fundi_Waya (#20)

Ulikuwa sawa, ndugu. Hewa ndiyo imejaa. Unaishi kwenye ghorofa? Angalia simu yako inaona Wi-Fi ngapi.

Karanja_Nakuru (#21)

Ghorofa ya tatu. Nimehesabu 34. Na rauta yangu iko nyuma ya televisheni.

Fundi_Waya (#22)

Itoe huko nyuma ya televisheni uiweke juu, mahali pa wazi. Halafu kama ina masafa ya GHz 5, unganisha laptopu huko. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo majirani 34 mnagawana vijia vitatu na kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze. GHz 5 ina chaneli nyingi na haipenyi kuta vizuri, jambo ambalo kwenu ni baraka, maana ya jirani haikufikii. Kama huna GHz 5, baki 2.4, weka upana wa chaneli wa MHz 20 na si 40, na uchague kati ya zile tatu iliyo na watu wachache.

Dogo_Bukoba (#23)

Fundi, sasa DNS haina kazi kabisa? Mimi nilivyoweka 1.1.1.1 kurasa zilifunguka haraka, hilo nimeliona mwenyewe.

Fundi_Waya (#24)

Ina kazi, ila si hiyo. DNS inatafsiri jina kuwa anwani. Kama ya mtoa huduma wako ni nzito, kila ukurasa unachelewa kuanza, na ukurasa mmoja unaweza kuwa na majina ishirini ndani yake. Ndiyo maana ukaona tofauti. Faili likishaanza kushuka DNS imeshamaliza kazi, haina mkono wowote kwenye MB kwa sekunde.

Kuna hali moja inaweza hata kukurudisha nyuma. Google na Netflix huwa wanaweka mashine zao za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, ili video isitoke Ulaya kila mtu anapoiangalia. Kwa huduma nyingi za aina hiyo, majibu ya DNS ni moja ya vitu vinavyoweza kukuelekeza kwenye mashine ya karibu. Ukiuliza DNS ya nje, inaweza isijue uko kwa mtoa huduma gani, ikakupa ya mbali. 1.1.1.1 kwa makusudi haipeleki habari za mtandao wako kwa wenye tovuti, kwa ajili ya faragha. Kwa hiyo jaribu zote mbili, ya mtoa huduma na ya nje, kwa siku kadhaa, uone.

Chalii_wa_Sinza (#25)

Vipi kuhusu APN za kasi wakuu? Kuna group wananiuzia settings za APN elfu tano, wanasema 4G inakuwa mara tatu.

Fundi_Waya (#26)

Usinunue. APN ni jina la mlango unaotoka nao kwenye mtandao wa simu kwenda intaneti. Kasi yako imeandikwa kwenye laini na kifurushi, na inategemea mnara una watu wangapi. Baya zaidi ni pale wanapokupa na anwani ya proksi ya kujaza humo. Hapo trafiki yako inapita kwenye mashine ya mtu usiyemjua. Unafanya miamala ya benki kwenye simu hiyo?

Badala yake kwenye Android nyingi piga \*#\*#4636#\*#\* uone nguvu ya mawimbi. Ikiwa karibu na -80 dBm uko vizuri. Ikiwa -110 na zaidi ya hapo kuelekea chini, sogea dirishani au upande mwingine wa nyumba, upime tena. Hatua tatu ndani ya nyumba zinaweza kufanya kilichoshindwa na APN zote.

KasiKamili (#27)

Na BBR, ule utaratibu wa kupanga mwendo wa kutuma data, je? Nina mashine ya Linux, nimeiweka kwa amri ya sysctl, wanasema Google ndio waliitengeneza.

Mzee_wa_Dishi (#28)

Walitengeneza kweli, waliitoa 2016, na ni kazi nzuri. Lakini BBR inaamua mwendo wa *anayetuma*. Ukishusha faili anayetuma ni seva. Kuiweka kwako kutakusaidia unapopandisha tu. Hata zile amri za zamani za ctcp kwenye Windows, nazo za kupanga mwendo wa kutuma, ni vivyo hivyo.

Na kuna wakati hakuna cha kurekebisha nyumbani. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, vijana walikuwa wananipigia simu niwatajie settings. Kilichobaki wakati ule kilikuwa kusubiri meli ya kutengeneza kebo.

MamaSteshenari (#29)

Nimerudi. Alikuwa ni yeye. Picha za harusi mbili, GB 11, zilikuwa zinapanda tangu Jumatatu na kila siku zinaanzia alipoishia. Amesimamisha, ping ikarudi 62 hapohapo mbele ya macho yangu. Tumekubaliana apandishe usiku nikishafunga. Kwenye rauta nimepata ile Bandwidth Control, nimemwekea 500. Leo nimejaza fomu za watoto 23 bila kumrudisha hata mmoja nyumbani. Asante sana Fundi, asante mwalimu kwa kuleta uzi.

Mwl_Kihonda (#30)

Hongera sana dada.

Wakuu, kuna jambo sikulisema mwanzo. Ile video sikuifuata kwenye laptopu yangu peke yake. Nilipoona 19.6 nikafurahi, nikaenda chumba cha kompyuta pale shuleni nikazifanyia mashine zote 14. Masomo ya sayansi tunayoshushia wanafunzi yapo kwenye seva ya Uingereza. Tangu wiki ile vijana walikuwa wananiambia "mwalimu leo mtandao mzito", nami nikawaambia wavumilie, ndivyo mtandao wetu ulivyo. Jambo hili limeniuma tangu Fundi alipoandika ile hesabu ya kivuko.

Leo Jumamosi nimekwenda. Nimeandika amri kwenye faili dogo la .bat, nimeliweka kwenye flashi, nikapita mashine moja moja:

netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal
netsh interface tcp show global
pause

Rejista nimeondoa kwa mkono. DNS nimerudisha ya mtoa huduma. Kila mashine nimepima kwa faili moja la MB 100 kutoka Uingereza, moja tu inashusha kwa wakati mmoja, na namba nimeandika kwenye daftari: kabla na baada. Kabla zote zilikuwa kati ya KB 370 na 400. Baada, ya chini ni MB 1.6.

Mashine 12 zimekamilika. Mbili bado zinasoma disabled hata nikiandika amri, nimehakikisha nimefungua kama msimamizi. Kuna mwenye wazo?

Fundi_Waya (#31)

Mwalimu, hizo mbili zina programu yoyote ya kuongeza spidi iliyowekwa? Nenda Control Panel uangalie orodha. Kama ipo, ndiyo inayoandika upya kila mara. Iondoe, washa upya, kisha rudia amri.

Mwl_Kihonda (#32)

Ipo. Kwenye zote mbili. Naiondoa sasa hivi.